Arobaini ya Namba

Mimi ni Somoe wa pili. Wa kwanza alikuwa shangazi,
alifia Kitangari msimu wa palizi,
nami nikazaliwa tanga halijaanuliwa.
Wakasema, jina lisilale njaa. Wakanivika.

Nilipokuwa na miaka tisa ikaja barua ya chama cha msingi:
Somoe Nampunju anadaiwa mifuko minne ya salfa.
Mwenye deni yuko mchangani, mwenye jina yuko darasa la tatu.
Karani hakuuliza sura. Aliita jina, jina likaitika.
Baba akauza mbuzi.

Leo niko Newala, chumba cha nyuma ya ghala,
naandika kiini cha mashine ya mizani.
Si kiini cha korosho, ingawa nacho kina ganda,
na ganda lina mafuta yanayobabua
vidole vya mwenye pupa.
Humo michakato huzaliwa na kufa:
mmoja hupima, mmoja huchapa stakabadhi,
mmoja hupeleka hesabu Mtwara mtandao ukiamka.
Kila mmoja ana namba. Ukimtaka, ita namba.
Ukitaka kumuua, namba.

Aliyenitangulia aligawa kwa foleni,
210, 211, 212, kama vikaratasi vya kliniki;
zikifika ukingoni hurudi mwanzo,
huokota ya kwanza iliyo wazi
hata kama bado ina joto la aliyeivua.

Siku ya mnada amri ikatoka: 212 amekwama, auawe.
Amri ikachelewa njiani kiasi cha kupepesa jicho.
212 alikwisha kufa mwenyewe, kifo cha kawaida,
na 212 mwingine, mchanga, alikuwa anachapa
stakabadhi ya Mzee Nantanga, kilo 604.
Printa ikaandika 6, ikanyamaza.

"Kilo sita," akasema Nantanga, "si nimekaanga nyumbani?"
Watu wakacheka.
Mimi nikamwona mbuzi wa baba.

Tena kulikuwa na Chihako, kibarua mwenye akaunti ndogo,
aliyejua kwamba baada ya 212 ni 213.
Akatandika mapema faili lenye namba hiyo;
mchakato ukaja, ukadhani ni kitanda chake,
ukamwaga humo bei zote kabla ya mnada.

Sasa namba naichota gizani.
Akili yangu siiamini: mtu akiambiwa abahatishe
hutaja mwaka wake wa kuzaliwa.
Nimeiuliza mizani. Gunia likiwa juu
gramu ya mwisho haitulii, saba, tatu, tisa, tatu,
upepo wa mlangoni, pumzi ya mpagazi;
mitetemo hiyo naikusanya, naikoroga, naichuja
hadi aliyeiona ya jana asiweze kuotea ya leo.
Alfajiri, ukungu ukiwa bado ghalani, chungu hakijajaa.
Naiambia mashine isubiri.
Wapagazi wananuna.

Kufuli kwanza, wawili wasichote pamoja.
Kisha daftari la biti: moja, ina mwenyewe; sifuri, iko wazi.
Ina mwenyewe? Chota tena.
Iko wazi? Uliza: iliachwa lini?

Maana kila namba nimeiwekea arobaini.
Mwenye nayo akifa haigawiwi
mpaka barua zote zilizokuwa njiani
zifike, zikute kaburi, zirudi.

Na bado namba si ufunguo.
Jina ni la kuitiwa, halifungui mlango;
anayetaka kuua aonyeshe haki yake,
asije na jina tu mdomoni.

Juzi bibi Akulenga amefariki.
Wiki hiyohiyo mke wa kaka amejifungua, mtoto wa kike,
na mama amepiga simu, jina wanalo tayari.
Nikasema, subirini kidogo.
"Lilale njaa?"
Lina mkopo wa pembejeo, mama.
Acheni kwanza barua ifike.